Mtu Mzima na Bisibisi: Je, Huu ni Utoto?

Juzi baada ya swala ya isha nilikuwa nikipita mbele ya baraza moja ya mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, nimekumbatia sanduku la karatasi lililojaa waya, spika mbili zilizokufa na redio kongwe isiyo na mgongo. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu kama babangu mzazi, akaweka chini kikombe chake cha kahawa akaniuliza mbele ya watu wote: "Hivi wewe, mwanangu, utakua lini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa maana mkubwa akikutania huna budi kucheka, nikawaaga nikaenda zangu. Lakini swali lile lilinifuata njia nzima, na nimeona afadhali nilijibu hapa gazetini, ambapo hakuna wa kunikata kauli.

Umri wangu ni miaka 36. Nina mke na watoto watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka minane, na kitinda mimba wa miaka miwili. Mchana ni karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Usiku ni mtu wa bisibisi. Hufungua redio, saa, feni, simu zilizozama majini na kompyuta ambazo wenyewe wamekwisha kuzikatia tamaa. Nina darubini niliyoinunua mkononi mwa mtu kwa shilingi 9,000, mguu wake mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Nina kompyuta ndogo inayoingia kiganjani, niliyoiandikia programu ya kunihesabia maji kupwa na maji kujaa, ingawa bahari yenyewe ni mwendo wa dakika nne kutoka mlangoni pangu na ningeweza kwenda kutazama kwa macho. Hilo la mwisho mke wangu alilitaja yeye, si mimi.

Kwa lugha ya barazani, basi, mimi ni mtoto. Na hapa nami nina swali. Mtu mzima akikaa barazani tangu isha hadi saa sita za usiku akibishana juu ya Arsenal na Manchester United, timu ambazo hazijui kwamba yeye yuko duniani, hakuna amwambiaye ni mtoto. Akitafuna miraa hadi alfajiri ataambiwa apunguze, lakini utu uzima wake hautiliwi shaka. Akiinamia simu sebuleni, kidole kinapanda kinashuka, mkewe akimsemesha yeye anaitikia "mm", huyo ndiye mtu wa kisasa. Ila akishika bisibisi, akataka kujua sauti ya mtu aliye mbali imepita wapi hata ikaingia ndani ya kisanduku, basi huyo hajakua! Nadhani sababu ni kwamba tumezoea kuliona swali la "hiki kinafanyaje kazi?" kuwa ni la mtoto wa miaka mitano, na mtu akifika umri wa kuoa tunatarajia limkauke mdomoni. Mimi halikunikauka, na siombi radhi.

Lakini sitaki kujitetea kwa uongo. Mzee yule alikosea. Kuna mtu mwingine aliyeniuliza swali lingine, na huyo hakukosea hata kidogo.

Chini ya ngazi za nyumba yetu mna chumba ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea makaa. Nilikifanya karakana, nikakitia kufuli. Sababu niliyoitoa ni kwamba watoto wasije wakaungua. Sababu ya kweli, ambayo sikuisema hata nafsini mwangu, ni kwamba sikutaka kusumbuliwa. Nikirudi kazini nilitoa salamu, nikaswali, nikala, kisha nikaingia. Watoto wakitumwa kuniita walibisha hodi kwa babao kama wageni.

Mwaka 2022 binti yangu alihitimu Kurani. Maalim wake aliwaalika wazazi chuoni baada ya alasiri, na mke wangu alikuwa jikoni tangu asubuhi akikaanga visheti na kaimati. Sasa siku ile ile nilikuwa nimeletewa redio kubwa ya mawimbi mafupi, ya zamani, ya mbao, ambayo haikuwa imesema neno kwa miaka. Nikajiambia nitaitazama dakika kumi tu. Nikaiona kapasita moja iliyovimba. Nikaing'oa, nikatafuta nyingine, nikailehemu. Redio ikakoroma kidogo, nami nikasema hapa si pa kuachia. Nilipoinua kichwa, adhana ya magharibi ilikuwa ikilia.

Nilifika chuoni mikeka inakunjwa. Binti yangu alikuwa ameniwekea kipande cha halwa ndani ya karatasi. Akanipa. Hakulia. Afadhali angelia.

Usiku ule mke wangu hakupandisha sauti. Alisema hivi: "Babake watoto, wenzangu waume zao wako barazani, nao wanajua kwamba waume zao hawapo. Mimi wangu yupo, na hayupo. Lipi baya zaidi?" Kisha, alipokuwa akitandika kitanda, akaongeza: "Na swichi ya jikoni imeharibika tangu Mfungo Sita, nawe watengeneza redio za mtaa mzima."

Jawabu la swali la kwanza sikuwa nalo, na mpaka leo sina. La pili nililimaliza alfajiri kabla ya chai. Halafu nikaenda chini ya ngazi, nikatoa kufuli, na kwa kuwa bisibisi ilikuwa mkononi nikafungua bawaba pia, nikaung'oa mlango mzima. Mlango ule ndio meza yangu ya kazi hivi sasa, umelazwa juu ya kreti mbili za soda.

Kiswahili chetu kina neno moja ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Hobi ya mtu huitwa uraibu. Na uraibu huo huo ndio tambuu na tumbaku ya kutafuna, kitu ambacho mtu hukianza kwa kuburudika na hatimaye chamburuta chenyewe. Waliolipa neno hili maana zote mbili walijua walitendalo. Kwa hivyo simwambii kijana yeyote mwenye watoto kwamba uraibu wake ni mzuri kwa kuwa una elimu ndani yake. Wangu ulikuwa na elimu tele, na mtoto wangu alihitimu bila babake. Ninalolisema ni dogo kuliko hilo: uraibu wa baba uwe mahali pasipo na mlango.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni rahisi. Tangu mlango ung'olewe, kazi ya saa moja imekuwa kazi ya siku tatu. Skrubu zangu huliwa na sakafu. Mvulana wangu, alipokuwa na miaka mitano, aligundua kwamba transista ina miguu mitatu kama kigoda, akazipanga kwenye ukingo wa meza zote nilizokuwa nazo, ati ni harusi na hivyo ndivyo viti vya wageni. Nilipotaka kukasirika nikaona ndiyo nafasi yenyewe. Nikamwambia kwamba redio ya babu yake ilikuwa na viti saba tu kama hivyo, nayo ikasema kwa miaka. Lakini ndani ya simu ya mamake mna mabilioni, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Akanyamaza, akatazama simu, akauliza: "Na wageni wamekaa wapi?" Swali hilo nalo bado nalitafutia jawabu.

Binti yangu aliungua kidole kwa chuma cha kulehemu katika wiki ya kwanza. Hapo ndipo mamangu, ambaye twaishi naye, aliposema kwa mara ya kwanza neno alilokuwa amelimeza siku nyingi: "Mtoto wa kike na moto wa risasi wapi na wapi?" Nilimjibu kwa adabu kwamba mtoto huyu huyu alikuwa akigeuza chapati kwenye chuma cha moto akiwa na miaka saba, na aliporukiwa na mafuta hakuna aliyeuliza mtoto wa kike na mafuta wapi na wapi. Mamangu hakunijibu. Alishika tasbihi yake akaenda chumbani. Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Sikujua nilikuwa nimegusa kidonda.

Sehemu ya pili ya uraibu wangu ni darini, juu ya nyumba, penye darubini. Huko nako sasa twapanda wote. Mwenye darubini ndogo kama yangu, au hata ya kuvaa shingoni kama za manahodha, anaweza kuiona sayari ya Mushtarii na miezi yake minne, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Imejipanga pembeni kama vifaranga na kila usiku imebadilishana nafasi. Mvulana wangu huihesabu kila mara kana kwamba kuna atakayemwibia. Kuna pia kile chombo kikubwa cha anga wanamoishi watu, ambacho hupita juu yetu baada ya magharibi au kabla ya alfajiri kama nyota inayokwenda mbio. Kiko umbali wa kilomita kama 400 na hulizunguka dunia kila dakika 90 hivi. Binti yangu alipojua hesabu hiyo alikunja uso: siku moja ina magharibi 16 kule, basi Mwislamu ataswalije? Nikafurahi, maana hilo limekwisha kuulizwa na wakubwa. Daktari mmoja wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipanda huko Oktoba 2007, ndani ya mwezi wa Ramadhani, na maulamaa wa kwao walimwandikia mwongozo: nyakati azifuate za mahali aliporukia, na kibla kadiri awezavyo.

Si kila siku mambo hunyooka. Mwishoni mwa mwaka 2025 niliwaita watoto wa jirani pamoja na wangu kuja kuitazama Zohali na pete zake, nikajisifu mno, nikasahau kwamba mwaka ule pete zile zilikuwa zimelala ubavu kwetu. Watoto kumi na mmoja walipanga foleni darini, na kila mmoja akaona kidoa cha manjano kilichotobolewa na uzi. Ilibidi nikimbie jikoni kuchukua sinia, niiweke sawa na macho yao ili waone jinsi kitu kipana kinavyoweza kuwa kama mstari. Sinia ikawapendeza kuliko Zohali.

Nami nasikia watu wakisema haya ni mambo ya Wazungu. Nawaomba wasikilize lugha yao wenyewe. Sisi watu wa mwambao tuna desturi ya kuita kaskazini kibla, na kusini kuita suheli. Suheli ni nyota, ile kubwa nyeupe inayong'aa upande wa kusini wakati wa kaskazi. Na kibla ni kaskazini kwa sababu kwetu Mombasa, Makka iko kaskazini kweli kweli: miji hii miwili iko takriban katika mstari mmoja, hata mtu akielekea kaskazini barabara, kosa lake ni chini ya nusu digrii. Mababu zetu walizitia nyota na Alkaaba katika maneno ya kuulizana njia. Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, aliandika vitabu vizima juu ya nyota za kusafiria, na mashairi yake mengine yanaeleza njia za pwani yetu hii hadi Sofala. (Lile la kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, wachunguzi wengi wa sasa hawalikubali, nami nafurahi kwa niaba yake.) Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha Marekani kilichopewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Hicho ndicho chombo cha kwanza kilichozunguka dunia kwa kazi hiyo tu, kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei. Kiliondokea majini mwetu, kina jina letu, na sijapata kusikia baraza hata moja ikilitaja.

Lakini naona ninaanza kuhutubu. Nirudi nyumbani.

Babu mzaa mama alikuwa nahodha. Alikwenda Lamu, akaenda Mogadishu, akafika Maskati na kurudi, kwa kaskazi na kwa kusi. Jina lake lilipotajwa nyumbani kwetu, lilifuatwa na masikitiko kwamba elimu yake ya nyota alikufa nayo. Wajomba zangu wawili aliwafundisha. Mmoja alikwenda kufanya kazi Uarabuni katika duka la vipuri, wa pili alifariki kijana. Basi tukasema, imekwisha.

Sasa nije kwenye siku ambayo sitaisahau: Jumapili, tarehe 28 Mei 2023. Kila mwaka karibu na tarehe hiyo, na tena karibu na tarehe 16 Julai, jua husimama wima juu ya Makka wakati wa adhuhuri, hata kitu kilichosimama pale hakina kivuli. Saa za Makka na saa zetu ni moja. Mwezi wa Mei jambo hilo hutokea saa sita na dakika 18 mchana. Nilimwambia binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi, kwamba tukisimamisha fimbo darini dakika ile, kivuli chake kitatuonyesha kibla bila dira, na zaidi ya hayo kitatuambia Makka iko mbali kiasi gani. La kibla alilikubali. La umbali alilikataa. "Kivuli kitajuaje?" akasema.

Tulichukua fimbo ya mita moja barabara, tukaisimamisha ndani ya debe la mchanga, tukainyosha kwa timazi ya uzi na kokwa la embe. Mei ni masika, na mbingu zilikuwa zimefunga tangu asubuhi. Saa sita kasorobo likamwagika rasharasha. Mvulana wangu akalia, mke wangu akaanua nguo, mamangu akatoa kichwa mlangoni akasema tuteremke tusije tukashikwa na mafua. Binti yangu hakuteremka. Alisimama amefunika fimbo kwa mtandio, kana kwamba fimbo ndiyo itakayopata mafua, anatazama saa yangu. Saa sita na dakika kumi bado kijivu. Kwenye dakika ya 16 wingu likapasuka, jua likatoka kali, sakafu ikaanza kutoa mvuke, na kivuli kikalala juu ya simiti, chembamba, kimeelekea kusini moja kwa moja. Akaweka futikamba. Sentimita 48.

Haya mengine tuliyafanya juu ya karatasi, mamangu ameketi pembeni kwa kuwa sasa ameshapanda na hana haja ya kuteremka. Tulichora fimbo, tukachora kivuli chake kwa kipimo kile kile, tukaunganisha kwa mstari, tukapima pembe ya juu kwa kipimapembe cha shule. Digrii 25 na nusu hivi. Nikamweleza binti yangu: pale Makka jua liko utosini, hapa limeinama digrii 25 na nusu, na kuinama huko si kwa jua, ni kwa dunia, kwa kuwa dunia ni mviringo. Mviringo mzima una digrii 360 na mzingo wa kilomita kama 40,000. Basi kila digrii ni kilomita 111. Akapiga hesabu mwenyewe, akaifuta, akaipiga tena. Akasema: "Bibi, kutoka hapa chini ya debe hadi Makka ni kilomita elfu mbili na mia nane na thelathini."

Mamangu alikuwa akiweka akiba ya Hija tangu babangu yu hai. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, ingawa hasomi tarakimu nyingi. Kisha akauliza, "Kwa fimbo hii?" Binti yangu akajibu ndiyo, kwa fimbo na jua. Adhana ya adhuhuri ikaanza, mamangu akainuka, na kabla ya kuteremka akasema neno ambalo sikuwa nimelisikia maishani mwangu. Alisema: "Babangu alikuwa akiwafundisha ndugu zangu juani na nyotani, mimi nikaambiwa niende nikaoshe vyombo. Nikawa naviosha karibu na dirisha."

Tulimwacha. Hatukumuuliza kitu. Mke wangu aliniambia nisithubutu kumuuliza, na alikuwa na haki, kwa maana mtu aliyekaa na jambo miaka hamsini hachimbwi kama kisima.

Ikawa Januari iliyofuata, kaskazi inavuma, mbingu safi. Tuko darini baada ya isha, watoto wananing'inia kwenye darubini, mamangu akapanda polepole na kiti chake. Akatazama juu bila darubini. Akasema, kile pale Kilimia, na mkizama kikiwa na jua mtakiona kikizuka na mvua. Ile kule chini, ya suheli, ndiyo iliyowarudisha nyumbani. Akaendelea. Alitaja nyota ambazo mimi, mwenye darubini na programu, sina majina yake kwa Kiswahili. Alitaja ipi huzuka wakati gani, na ipi ikiwa kichwani mwa mlingoti basi umekaribia wapi. Mengine alikuwa ameyasahau nusu, akasema hivyo wazi wazi. Binti yangu alikuwa ameshikilia daftari la hesabu chini ya tochi, anaandika anaandika, anasema "Bibi, ngoja, Bibi, ngoja."

Kisha mamangu akataja Jaa, nyota ya kaskazini isiyotembea, ambayo babake aliisifu kuliko zote. Akauliza iko wapi. Binti yangu akanitazama, maana alijua. Kutoka Mombasa Jaa haionekani. Sisi tuko kusini mwa mstari wa ikweta na nyota ile kwetu iko chini ya upeo wa bahari, siku zote. Nahodha alikuwa akiiona akishapanda kaskazini, na kadiri alivyokwenda mbele ndivyo ilivyopanda. Mamangu alikuwa ameijua miaka yote kwa jina tu. Binti yangu akafungua ukurasa mpya, akapiga hesabu, akasema: "Makka itakuwa juu digrii 21, Bibi. Kama ngumi zako mbili, mkono umeunyosha mbele."

Nilisahau kusema habari ya yule mzee wa barazani. Siku mbili baada ya kuniuliza nitakua lini, alimtuma mjukuu wake na redio iliyofungwa ndani ya kanga, ili watu wasiione njiani. Iko mezani, juu ya ule mlango. Mjukuu mwenyewe huja kila jioni kuitazama inavyoendelea, na sasa anajua kulehemu. Nimeamua kuichelewesha kidogo.

Mamangu alikwenda Hija mwaka 2024. Usiku wa Muzdalifa, watu wamelala uwanjani juu ya mikeka, alimwomba kijana mmoja wa msafara wao arekodi sauti yake kwa simu na kuituma. Ilitufikia tukiwa tunasubiri alfajiri. Alitutakia heri, akawaombea dua watoto mmoja mmoja kwa majina, akamwambia mke wangu asisahau kumwagilia mkilua wake. Halafu pakapita kimya, kelele za watu zinasikika nyuma yake, tukadhani imekwisha.

"Mwambieni mjukuu wangu nimeiona," akasema. "Ngumi mbili, kama alivyosema. Lakini ni ndogo. Sikudhani ni ndogo hivi."